Mchanga Kizingitini kwa Bibi Mwanaidi

Usiku ule nililala katika kibanda cha binti yangu Zuhura, juu ya tuta la mchanga, kwa sababu asubuhi yake watu wa kufyeka walikuwa waje naye alitaka niwepo. Amepata kiwanja pale, na fundi wake amemshauri kwamba vichaka vyote vya mbele, vile vinavyoteremka mpaka ufukweni, viondolewe, nyumba ipate upepo na bahari ionekane kutoka barazani. Jioni ile mwenyewe alikuwa amelijaribu panga. Alikata vichaka kuzunguka kibanda ili tupate pa kukaa, tukala mkate na samaki wa kukaanga, huku akinionyesha kwa kidole pa sebule, pa jiko, na pa chumba alichonitengea mimi.

"Hiki chako, baba. Dirisha linatazama bahari. Utazeeka ukiangalia mawimbi."

"Nimekwisha kuzeeka."

"Basi utaendelea."

Tulicheka. Pale ndipo ningemwambia. Alikuwa amefurahi, chakula kilikuwa kizuri, na mimi nikasema nina usingizi, nikaingia ndani.

Chini ya tuta lile kuna mtaa wetu wa zamani, Mkwambani. Ulikuwa mtaa mdogo wa nyumba za udongo na makuti, na nyumba ya mwisho upande wa bahari ilikuwa ya Bibi Mwanaidi, mama wa mama yangu, aliyenilea. Nilipokuwa kijana, mchanga uliupanda mtaa, ukaufunika, watu wakahama. Miaka ikapita, vichaka vya mikwamba vikaota tena juu yake, tuta likatulia, na watoto wa siku hizi wanaliona kilima tu. Zuhura anaijua hadithi hiyo tangu utotoni. Katika hadithi niliyomsimulia, miti ya mbele, upande wa bahari, ilikauka kwa jua kali, upepo wa kusi ukaukuta mchanga uko wazi, ukausukuma. Bibi yangu pia nilimwambia hivyo hivyo.

Miti ile haikukauka.

Nililala na jambo hilo, kama nilivyolala nalo maisha yangu yote, na sikumbuki usingizi ulinichukua saa ngapi. Ninachokumbuka ni sauti ya ufagio. Ufagio wa chelewa, ule wa njiti za mnazi, ukikwaruza taratibu, unatulia, unakwaruza tena. Nikadhani ni Zuhura. Nikatoka nje nimwambie aache, apumzike.

Nje ilikuwa mchana. Kibanda hakikuwapo. Palikuwa na mlango, mlango peke yake umesimama mchangani, wa mbao pana zilizopauka, na nikaujua kwa alama ya kiganja changu kwenye ubao wa chini, niliyoigonga kwa lami nilipokuwa mdogo na nikachapwa kwa ajili yake. Kizingitini ameinama Bibi Mwanaidi. Amevaa kanga yake ya mistari, amejifunga kiunoni, anafagia. Hanitazami.

"Ondoa miguu, mume wangu. Nafagia."

Nikaondoa miguu. Alikuwa akiniita hivyo toka nikiwa na meno ya utoto, mume wangu, kama bibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na tangu alipofariki hakuna mtu aliyewahi kuniita tena kwa sauti ile.

"Shikamoo, bibi."

Akainua uso, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akaweka mkono kiunoni.

"Wewe ndiye wa kuamkiwa! Hebu tazama. Mimi nilikufa nina mvi nusu ya kichwa, wewe zimekujaa mpaka puani. Shikamoo, babu."

"Usinitanie, bibi."

"Nimtanie nani mwingine? Hawa wenzangu huku wote wazito."

Nikacheka, na yeye akacheka, akarudi kwenye ufagio wake. Nikamwangalia anavyousukuma mchanga nje ya kizingiti, nao mchanga unarudi, mwembamba, kama maji yanayoonja ufuko.

Ndivyo ulivyoanza kweli, nyakati zile. Asubuhi moja alikuta mchanga kizingitini, kiasi cha kujaza ganda la chaza, akaufagia. Kesho yake alikuta tena. Baadaye akawa anafagia asubuhi na jioni. Ufagio ukashindwa, akawa anachota kwa kifuu. Kifuu kikashindwa, tukamletea kapu. Nakumbuka siku nilipomkuta ameshika jembe ndani ya chumba chake mwenyewe, analima mchanga kando ya kitanda. Alinisogezea kapu tu, nibebe.

Sasa mlango una nyumba. Sijui imetoka wapi, lakini kuta ziko, na mimi nimesimama mbele ya ukuta, kijana, mikono yangu imekuwa myeupe mpaka viwikoni. Ninapaka chokaa. Udongo mwekundu unapotea chini ya weupe, na jua linaupiga ukuta mpaka macho yanauma. Bibi yuko mlangoni.

"Nyumba yangu imekuambia ina baridi?"

"Nataka mke wangu akija, aione nyeupe."

"Mke mwenzangu akija atataka kuona mchele ndani. Hiyo chokaa ataila?"

"Watu wataiona toka barabarani, bibi."

"Wataiona," alisema, akaingia ndani.

Na mimi naendelea kupaka. Ninajua ndani ya ndoto, kama mtu anavyojua mambo ndotoni bila kuambiwa, chokaa hii imetoka wapi. Imetoka kwenye tanuri langu la kwanza. Tulipanga magogo mduara, kama gurudumu, tukaacha tundu katikati, juu tukarundika matumbawe, tukatia moto kwa tundu lile. Magogo yalitoka bara kwa gari la ng'ombe, lakini magogo peke yake hayatoshi. Lazima kujaza mapengo kwa kuni ndogo mbichi, zinazoungua polepole na kuushikilia moto mpaka jiwe liive. Na kuni mbichi zilikuwapo hatua chache tu kutoka mlangoni kwa bibi. Mikwamba, mikoma midogo, hata ile mitambaazi yenye maua ya zambarau inayoshika mchanga kwa vidole. Nilikata asubuhi moja tu. Haikuonekana hata kidogo kama nimekata kitu.

Kisha jirani akaona ukuta mweupe, akataka. Na jirani yake. Nikawa fundi chokaa wa Mkwambani, kijana aliyesoma mpaka sekondari na akarudi kwao kuwang'arishia watu nyumba. Nilisifiwa. Msimu ulipokwisha, mtu aliweza kusimama kwenye mlango wa bibi akaona bahari yote, bila jani moja katikati. Watu walifurahi. Walisema pamekuwa peupe.

Bibi amesimama pale pale mlangoni, ameweka kiganja juu ya macho kuzuia jua.

"Miti ya mbele imekwenda wapi?"

Mimi si kijana tena. Ni mzee mwenye mvi mpaka puani, nimesimama mbele ya mtu aliyekufa, sina cha kupoteza. Na nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Imekauka, bibi."

Mchanga ulinijaa kwenye meno. Nikatema, ukaja mwingine.

Yeye hakunikemea. Aliinama, akakunja mkeka uliokuwa kizingitini, na chini ya mkeka palikuwa na njia ya kushuka. "Njoo," akasema. Akatangulia, ufagio mkononi, kama mtu anayekwenda kufagia chumba ambacho hajakifungua siku nyingi.

Tunashuka ndani ya tuta. Kushoto na kulia mchanga umesimama kama ukuta uliokatwa kwa kisu, na hauporomoki. Hakuna taa, lakini naona. Juu kabisa, mahali tulipoingilia, kuna mizizi mipya ya mikwamba, mfuko wa plastiki, kandambili moja ya buluu. Chini ya hapo ukuta ni mweupe, mweupe tu, mchanga mkavu uliolala mshazari jinsi upepo ulivyoumwaga, safu juu ya safu. Nashuka, nashuka, na weupe hauishi. Nilipofika chini yake niliinua mkono wangu juu kadiri unavyofika, na sikuufikia mwanzo wake.

"Hii ni yako," alisema bibi.

Alipitisha ufagio taratibu kwenye ukuta, chini ya ule weupe, akaupangusa, na pakatokea mstari mweusi. Mwembamba. Ulikuwa na majivu na mkaa, mwiba wa samaki, kipande cha kifuu, gae la mtungi. Alilaza kidole chake cha shahada juu ya mstari ule, na mstari ukafichika wote chini ya kidole.

"Na huyu ni mimi," alisema. "Mimi na mama yangu na mama yake. Kupika kwetu kote."

Mambo haya niliyajua. Hilo ndilo linaloniuma hata sasa ninapoandika. Shuleni mwalimu wa jiografia aliyachora ubaoni, akasema tuta la mchanga hujiandika lenyewe: ukiona udongo mweusi ujue palikuwa na majani na mvua na labda watu, tuta lilikuwa limelala, ukiona mchanga mweupe mtupu ujue kitu kilitokea, majani yaliondoka, tuta likatembea. Lilikuja swali lake kwenye mtihani. Nililijibu vizuri sana, kwa mchoro wenye vivuli. Kisha nikarudi nyumbani, nikanoa panga.

Tukaendelea kushuka. Mchanga mweupe tena. Halafu weusi tena, mpana kuliko ule wa kwanza, wenye unyevu, una vitundu ambamo mizizi mikubwa ilipita na kuoza, na magamba ya konokono wa msituni, yale yasiyoishi ila penye kivuli na mvua. Nikaweka shavu langu pale. Palikuwa na ubaridi. Msitu ulikuwa hapa, nikawaza, msitu mzima, na hakuna hadithi yake hata moja kwetu.

Juu kidogo ya weusi ule, mahali weusi unapokomea na weupe unapoanzia, kuna mtu amechutama.

Ametugeuzia mgongo. Mbele yake ni magogo yamepangwa mduara kama gurudumu, yenye tundu katikati, na juu yake matumbawe. Anapuliza moto. Mikono yake ni myeupe mpaka viwikoni.

"Nani huyu, bibi?"

"Jina lake hakuna anayelijua tena."

Mtu yule hageuki. Anachukua kichaka kibichi, anakijaza kwenye pengo, kwa uangalifu uleule niliokuwa nao mimi, anakipigapiga kikae vizuri.

"Alikuwa na bibi yake," akasema Bibi Mwanaidi.

"Akamwambia nini?"

"Unajua alimwambia nini."

Nilitaka kumshika yule mtu bega. Nilipiga hatua, na hatua ile ikanitoa pale.

Niko njiani, jua kali, nimembeba bibi mgongoni. Amekuwa mwepesi kama kapu tupu. Nyuma yetu upepo unavuma na sitaki ageuke. Ni siku tuliyohama. Wengine wametangulia na vitanda na kuku. Yeye alikataa mpaka mchanga ulipofika dirishani, na ndipo nilipomwambia lile neno.

"Siku mbili tatu tu, bibi. Upepo ukitulia tunarudi."

"Mlango umeufunga?"

"Nimeufunga."

Sikuufunga. Haukufungika; mchanga ulikuwa umeushika ukiwa wazi, na niliuacha hivyo, kinywa wazi, unameza. Alichobeba yeye ni ufagio tu. Tulipompeleka kwenye chumba cha kupanga mjini, chenye sakafu ya saruji, aliamka kila asubuhi akafagia kizingiti kisicho na kitu. Mke wangu, ambaye kwa ajili yake nilipaka chokaa, alimwonea huruma, akawa anamwachia vumbi kidogo makusudi. Na siku za mwisho, alipokuwa hatambui tena nani ameingia na nani ametoka, kila mtu aliulizwa swali moja: mlango mmeufunga? Sote tulisema ndiyo. Mimi ndiye niliyewafundisha kusema ndiyo.

Mgongoni uzito ulipungua, ukapungua, nikageuza shingo, hakuna mtu.

Yuko mlangoni tena, anafagia. Tuta limerudi kuwa tuta, na mchanga unateremka juu ya kizingiti kwa wingi kuliko mwanzo. Umefika kwenye vifundo vya miguu yake, naye anafagia bila haraka. Nilipiga magoti, nikaanza kuchota kwa mikono yangu miwili, natupa nyuma, nachota, natupa. Mikono ilikuwa ya mzee, haichoti kitu.

"Acha," alisema.

"Bibi, ile miti..."

"Nilikuwa najua."

Nikaacha kuchota.

"Ukuta wangu ulinukia mkwamba," akasema. "Nimepikia mkwamba maisha yangu yote, mume wangu, nisiijue harufu yake?"

"Mbona basi uliniuliza?"

Alisimamisha ufagio. Alinitazama kwa macho yaleyale aliyonitazamia siku ya alama ya kiganja mlangoni, alipokuwa ameniuliza nani amefanya, na lami ikiwa bado imenijaa mkononi.

"Nilitaka uniambie wewe."

Hakuna upepo. Hata bahari imenyamaza. Nilitafuta la kusema, nikawa naona midomo yangu inafunguka na kufungika, na niliogopa kwamba ikisema itasema tena imekauka. Bibi alinisubiri. Alinisubiri muda mrefu, na sina hakika kama katika uhai wake hakunisubiri vivyo hivyo, kila asubuhi, ameinama na ufagio wake, akinipa nafasi nimkute peke yake. Kisha akaigeuza chelewa, akanielekezea mpini.

"Mimi nimechoka kufagia," alisema. "Kesho atafagia nani?"

Nilinyoosha mkono niupokee. Nilikuwa nimekwisha kuugusa. Nilihisi zile njiti, na kamba ya ukindu aliyoifunga mwenyewe. Mkono wangu ulipofumba, ulifumba hewa.

Niliamka. Jua lilikuwa limekwisha kuingia kwenye matundu ya makuti, na koo langu lilikuwa kavu. Nikasikia ufagio.

Nilikaa kitandani bila kusogea, ninausikiliza. Unakwaruza, unatulia, unakwaruza. Nikawaza bado sijaamka. Nikateremsha miguu chini, na miguu ikakanyaga mchanga uliokuwa umeingia usiku kupitia chini ya mlango, mwembamba, wa baridi, umejitandaza mpaka ubavuni mwa kitanda changu.

Mlango ulisukumwa. Zuhura akaingia ameinama, kanga kiunoni, chelewa mkononi.

"Ondoa miguu, baba. Nafagia." Kisha akaangalia sakafu, akakunja uso. "Huu mchanga wa wapi? Jana si nilifagia?"

Nje, pale alipokata vichaka jana jioni, niliona uwazi mdogo kupitia mlango, na katikati ya uwazi ule bahari, imetulia, nzuri sana kuitazama.

"Keti kwanza, mwanangu," nilisema.

"Nikae? Watu wa kufyeka hao wanapanda. Sijawachemshia hata chai."

Kweli walikuwa wanapanda. Nilizisikia sauti zao chini kwenye njia, wakitaniana, na mapanga yakigongana.

"Kuna jambo bibi yangu aliniuliza," nilisema. "Sikumjibu. Na wewe pia nilikudanganya. Ile miti ya mbele haikukauka, Zuhura. Niliikata mimi. Tuta likaamka kwa ajili hiyo, likamfukuza nyumbani kwake, na likauzika mlango wake. Ninyi mnataka kukata mahali palepale."

Ufagio ulisimama. Zuhura aliangalia mchanga miguuni pake, akauangalia uwazi ule wa nje, akanitazama mimi, na nilimwona anaipitia hadithi yote niliyomlea nayo, kipande kwa kipande, akitafuta pale nilipoificha kweli. Sikumwomba radhi, wakati wa kuomba ungekuja. Nilikaa mikono magotini, nikamwachia anitazame.

"Na yeye alijua?" akauliza mwishowe.

"Alijua. Alikuwa ananingoja niseme."

Sauti zilifika mlangoni. Mmoja wao alibisha hodi, akauliza waanzie upande gani, wa juu au wa ufukweni. Zuhura aliweka ufagio wima kando ya mlango, akaufungua mlango wote, wao wakiwa pale nje na mapanga yao.

"Sema tena, baba," alisema.

Nikasimama, nikashika nguzo ya mlango, nikasema tena.